Samaki wa Gusii na Mzani wa Mkemia

Juni 2009, Uhuru Kenyatta, wakati huo akiwa Waziri wa Fedha, alisoma Bungeni bajeti iliyobeba mpango wa shilingi bilioni 22 wa kuamsha uchumi. Ndani yake mlikuwa na fungu ambalo wengi hawakulitarajia: shilingi bilioni 1.12 za ufugaji wa samaki. Maeneobunge 140 yangechimbiwa mabwawa 200 kila moja, kila bwawa likiwa na mita 300 za mraba, pamoja na vifaranga na chakula cha kuanzia. Hayo ni mabwawa 28,000. Nchi ambayo hadi wakati huo ilikuwa ikivuna chini ya tani 5,000 za samaki wa kufugwa kwa mwaka ilijikuta, kufikia 2014, ikivuna zaidi ya tani 24,000.

Katika nyanda za juu za Gusii habari hizo ziliikuta ardhi iliyokwisha kugawanywa hadi ukingoni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na anayezijua kaunti hizo mbili hahitaji takwimu ili aamini kwamba shamba la mtu huishia pale linapoanzia la jirani yake. Mteremko una majani chai, kahawa, migomba na mahindi. Kilichobaki ni bondeni, penye chemchemi, mikaratusi, nduma na majani ya ng'ombe. Huko ndiko mabwawa yalikochimbwa, na huko ndiko huishia kila kinachonyunyiziwa, kumwagwa au kuoshwa juu ya kilima.

Mpango ulihesabu mabwawa, vifaranga na magunia ya chakula. Kilichomo ndani ya nyama ya samaki ni hesabu ya aina nyingine, na katika eneo hili historia yake ilianza kabla ya mabwawa hayo.

Mwaka 1946, katika bonde la Kodera, karibu na mpaka wa Wagusii na Wajaluo, daktari P.C.C. Garnham na mwenzake J.P. McMahon walianza kutia DDT katika maji ya mto. Adui wao alikuwa inzi mdogo mweusi anayeeneza usubi, ugonjwa unaopofusha watu waishio kando ya mito inayokwenda kasi. DDT ilikuwa dawa mpya iliyotoka vitani na sifa kubwa. Paul Müller, Mswisi aliyeugundua uwezo wake wa kuua wadudu mwaka 1939, angepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1948. Jambo la kushangaza ni kwamba waliotia dawa ile Kodera hawakujua viluwiluwi wa inzi huyo waliishi wapi. Walitia dawa mto mzima, na inzi wakatoweka. Mwaka 1950 ndipo McMahon na mtaalamu wa samaki, V.D. van Someren, walipogundua kwamba viluwiluwi hao hujishikiza kwenye magamba ya kaa wa mtoni.

Kazi iliendelea hadi katikati ya miaka ya 1950 katika mabonde mengine ya Nyanza, likiwemo la Kuja, mto ambao juu kwenye vilima vya Gusii huitwa Gucha. Usubi uliondoka. Kwa afya ya umma ulikuwa ushindi, na ni kosa kuwahukumu watu wa 1946 kwa elimu iliyokuja baadaye. Hata hivyo, swali la kiasi gani cha DDT kiliingia katika mafuta ya samaki wa mito hiyo halikuwa na chombo cha kulijibu. Chombo chenyewe, kinachonasa elektroni na kuhisi viuatilifu vya jamii ya klorini hata vikiwa sehemu moja katika bilioni, kilibuniwa na James Lovelock huko Uingereza mwaka 1957. Miaka 5 baadaye Rachel Carson alichapisha kitabu chake nchini Marekani kuhusu viuatilifu, na dunia ikaanza kuuliza.

Kenya ilikataza DDT katika kilimo mwaka 1986, na mwaka 2004 ikaridhia Mkataba wa Stockholm dhidi ya kemikali zinazodumu muda mrefu. Neno la kushika hapo ni kudumu. Viuatilifu vya klorini havipendi maji. Hupenda mafuta na tope. Hujificha kwenye tope la chini ya bwawa, huliwa na wadudu wa topeni, wadudu huliwa na samaki, na kila hatua ya ngazi hiyo huongeza kiwango. Kambare, anayelala topeni na mwenye mafuta kuliko ngege, yaani tilapia, ndiye wa kwanza kuonyesha kilichomo.

Mito haikuwa njia pekee. Fikiria majosho ya ng'ombe. Katika Afrika Mashariki dawa ya kwanza ya kupe iliyotumika sana ilikuwa arseniki, kisha ikaja toksafini, ya jamii ileile ya DDT. Maji ya josho yalipochakaa yalimwagwa, na majosho mengi yalijengwa karibu na mto kwa sababu josho linahitaji maji. Toksafini huchukua miaka mingi kuvunjika. Arseniki ni elementi, haivunjiki kabisa. Mkulima anayechimba bwawa leo chini ya josho lililoachwa tangu enzi za babu yake anachimba katika historia hiyo, ajue asijue.

Jambo moja huwashangaza wageni wa Gusii wanapolisikia. Pareto, zao lililowapa watu wa Kisii na Nyamira ada za shule kwa miaka mingi wakati Kenya ilipokuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo, ni sumu kali kwa samaki. Tone dogo la pareto majini laweza kumaliza bwawa. Lakini jua huivunja haraka, kwa hiyo haibaki katika nyama. Binamu zake wa kiwandani, kama saipamethrini inayonyunyiziwa mboga na ng'ombe, hudumu zaidi kidogo. Nao pia huua samaki kabla ya kumdhuru mlaji. Majani chai, yanayofunika miteremko ya Nyamira kutoka Kebirigo hadi Nyansiongo, kwa kawaida wakulima wadogo wa Kenya huyalima bila dawa ya wadudu. Zao linaloonekana kubwa kuliko yote machoni ndilo lenye lawama ndogo kuliko kahawa, nyanya na sukuma wiki.

Ufugaji wenyewe ulikuja kwa mawimbi. Kenya ilianza kufuga tilapia miaka ya 1920, na mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikafungua vituo vya Sagana na Kiganjo. Baada ya uhuru ikafuata kampeni ya kuwahimiza wananchi wale samaki zaidi, na mabwawa madogo yakachimbwa kwa maelfu magharibi mwa nchi na mkoa wa kati; mengi yakaachwa yakawa makazi ya vyura. Mwaka 1979 zilizaliwa taasisi mbili zenye uzito kwa eneo hili: Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Ziwa, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ambayo leo ina kituo chake cha utafiti wa ufugaji wa samaki Kegati, si mbali na mji wa Kisii.

Katika mawimbi hayo yote, samaki wa bwawani hakuwa na mashaka. Alionekana hai, akatolewa, akakaangwa. Aliyewafanya Wakenya waanze kumtazama samaki kwa jicho la maabara hakuwa mlaji wa Kisii. Alikuwa mnunuzi wa Ulaya.

Mwishoni mwa 1996 na mapema 1997, Uhispania na Italia zilikuta bakteria wa Salmonela katika minofu ya sangara, mbuta kwa watu wa ziwani, kutoka Ziwa Viktoria. Yakafuata masharti ya ukaguzi. Kabla vumbi halijatulia kipindupindu kikazuka Afrika Mashariki, na kuanzia mwishoni mwa Desemba 1997 Ulaya ikafunga mlango. Pigo la tatu ndilo linaloihusu habari hii. Mapema 1999 zilisambaa habari kutoka Uganda kwamba wavuvi walikuwa wakimwaga viuatilifu ziwani ili samaki waelee na kuokotwa kirahisi. Uganda ilijizuia yenyewe kuuza nje mwezi Machi, na Aprili mwaka huo Umoja wa Ulaya ukafungia samaki wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja.

Safari hii kunawa mikono na kuosha meza za kiwandani hakukutosha. Bakteria hufa kwa moto. Kiuatilifu hakifi kwa kukaangwa. Ulaya haikutaka ahadi, ilitaka karatasi ya maabara yenye namba, kutoka kwa serikali inayoweza kuthibitisha kwamba imepima maji, tope na samaki. Nchi tatu zilijikuta zikihitaji kemia ambayo hazikuwa nayo kwa kiwango hicho. Uganda ilirudi sokoni mwaka huohuo, Tanzania mapema 2000, na Kenya ikasubiri hadi mwishoni mwa 2000. Viwanda vya minofu vya kando ya ziwa vilipunguza watu au kusimama, na Idara ya Uvuvi, iliyozoea kutoa leseni na kuhesabu mashua, ikalazimika kujifunza kazi ya polisi wa chakula.

Matunda yake ya kisheria yapo. Mwaka 2000 zilitoka kanuni za kuhakikisha ubora wa samaki. Mwaka 2007 zikaja nyingine, pana zaidi, na safari hii chakula cha samaki kikatajwa ndani ya jina la kanuni zenyewe: usalama wa samaki, bidhaa zake na chakula chake. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi iliyounda Huduma ya Uvuvi ya Kenya. Ukizisoma kwa mfululizo utaona jambo moja wazi: kila ukurasa umeandikwa huku jicho moja likiangalia uwanja wa ndege.

Kwa samaki wa kufugwa, kipimo cha Ulaya kiliwekwa na mwongozo wa Aprili 1996. Nchi inayotaka kuwauzia Wazungu samaki wa bwawani ni lazima iwe na mpango wa taifa wa kufuatilia mabaki. Mpango huo uligawa kemikali katika makundi mawili: zile ambazo hazitakiwi kabisa, kama kloramfenikoli na nitrofurani, na zile zinazovumiliwa hadi kikomo fulani, kama antibiotiki zilizoruhusiwa, viuatilifu, madini mazito na sumukuvu. Idadi ya sampuli ilikuwa angalau moja kwa kila tani 100 za mavuno ya mwaka.

Hesabu hiyo inafaa kuletwa bondeni. Bwawa la mita 300 za mraba hupandwa vifaranga 1,000. Tuseme wote wamepona, jambo ambalo hutokea kwa nadra, na kila mmoja amefika robo kilo: ni kilo 250. Ili kufikisha tani 100 unahitaji mabwawa 400 ya namna hiyo. Kwa hiyo hata kama Kenya ingetumia kanuni ya Ulaya neno kwa neno, samaki mmoja wa maabarani angewasemea wakulima 400. Mavuno yote ya nchi ya 2014, mwaka wa kilele, yangehitaji sampuli kama 240 tu.

Kanuni ile iliandikwa ikiwa na picha ya mashamba ya samoni ya Norway na Scotland, ambako tani 100 zinaweza kutoka kwenye kizimba kimoja chenye maji mamoja, chakula kimoja na daktari mmoja. Gusii ina wafugaji wengi wadogo, kila mmoja na chemchemi yake, jirani yake anayenyunyizia nyanya, na gunia lake la chakula lililochanganywa kivyake. Sampuli moja haiwezi kuwa shahidi wa watu 400 wasiofanana. Hapo ndipo kanuni ya kigeni inapoacha kutufaa, hata ikifuatwa kwa uaminifu.

Samaki akishachaguliwa, safari yake si fupi. Afisa humfunga kwa karatasi ya alumini iwapo kinachotafutwa ni viuatilifu, kwa kuwa plastiki yaweza kuchafua kipimo. Kwa madini mazito, mfuko safi wa plastiki ndio unaofaa. Huandikwa namba, tarehe, bwawa na saini ya kila anayeupokea mzigo, ili mtu asije akasema samaki alibadilishwa njiani. Kisha barafu, na barabara. Maabarani minofu husagwa pamoja na ngozi yake kwa uwiano wa asili, maana hakuna anayemchuna ngege ngozi kabla ya kumkaanga.

Kwa madini, nyama huyeyushwa katika asidi ya nitriki hadi ibaki maji yasiyo na rangi, ndipo mashine hupitisha mwanga na kusoma ni kiasi gani kimemezwa na risasi au kadimiamu. Kikomo cha Ulaya cha risasi katika minofu ni miligramu 0.30 kwa kilo; cha kadimiamu, kwa samaki wengi, 0.05. Kwa viuatilifu, nyama hutikiswa na kiyeyushi pamoja na chumvi, mafuta yakaondolewa, na tone linalobaki likapelekwa kwenye kromatografia. Mwaka 2003 Michelangelo Anastassiades na Steven Lehotay walichapisha njia ya mkato ya kutikisa na kuchuja ambayo sasa hutumika duniani kote, na iliyofanya kazi ya siku iwe ya saa chache. Kwa nchi zenye maabara chache, hiyo ilikuwa zawadi kubwa kuliko misaada mingi iliyotangazwa kwa mbwembwe.

Dawa za tiba zinahitaji ujanja zaidi. Nitrofurani huvunjika mwilini mwa samaki katika saa chache, hivyo wapimaji huiacha dawa yenyewe na kutafuta vipande vyake vilivyonata kwenye protini, ambavyo hukaa wiki nyingi. Rangi ya malakiti, inayotumiwa tangu miaka ya 1930 kuua ukungu kwenye mayai ya samaki, huingia ikiwa ya kijani, ikageuka kuwa kitu kisicho na rangi na kujificha katika mafuta kwa miezi. Haikuruhusiwa katika samaki wa kuliwa, lakini ni rahisi na inafanya kazi, na hiyo ndiyo hatari yake. Kwa miaka mingi Ulaya ilichukua hatua inapozidi mikrogramu 2 kwa kilo, yaani gramu moja katika tani 500 za samaki. Tangu Novemba 2022 kiwango hicho kimeshuka hadi nusu mikrogramu: gramu moja katika tani 2,000.

Mashine za namna hiyo haziko kila mji. Serikali ilijenga maabara za ubora wa samaki Nairobi, Mombasa na Kisumu, na taasisi nyingine, kama ile ya ukaguzi wa mimea, KEPHIS, na Shirika la Viwango, zina vifaa vyao. Kwa mkulima wa Borabu au Bobasi, iliyo karibu zaidi katika zile za samaki ni ya Kisumu.

Wakati maabara zikisubiri, uvumi hausubiri. Unaosikika zaidi ni wa homoni. Watu huambiwa kwamba tilapia wa bwawani amelishwa dawa ya kiume na kwamba mlaji atabadilika. Ukweli una sura yake. Ngege wa kiume hukua haraka kuliko wa kike, na bwawa la mchanganyiko hujaa vitoto vilivyodumaa. Kwa hiyo vituo vya vifaranga huchanganya chakula na homoni iitwayo methiltestosteroni, kwa kawaida miligramu 60 kwa kilo ya chakula, na kuwalisha vifaranga kwa siku 21 hadi 28 tangu waanze kula. Wakati huo kifaranga hajafika hata gramu moja. Mwili huitoa homoni hiyo haraka, na samaki huliwa miezi 6 au zaidi baadaye, akiwa amekua mara mamia. Hata Ulaya, isiyotaka kusikia homoni katika ng'ombe, iliruhusu matumizi haya kwa vifaranga wachanga katika mwongozo wake mwingine wa 1996. Anayestahili kuogopa ni kijana wa kituoni anayechanganya unga ule kwa mikono mitupu. Glavu zake zina maana kuliko hofu yote ya sokoni.

Cha kuogopa kweli kimo ndani ya gunia la chakula. Chakula cha samaki wa Gusii hutengenezwa kwa pumba za mchele na ngano, mashudu ya pamba au alizeti, na omena. Mahindi na mashudu yaliyolowa huota ukungu unaozaa aflatoksini, sumukuvu. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya na kuwaua 125. Samaki nao wana historia yao na sumu hiyo: mwaka 1960, katika vituo vya trauti nchini Marekani, uvimbe wa saratani kwenye maini ulienea kama tauni, na chanzo kikaja kujulikana kuwa mashudu ya pamba yenye ukungu. Watafiti waliochapisha mwaka 2017 vipimo vya mchanganyiko wa chakula cha samaki kutoka kwa wafugaji wadogo wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda waliikuta sumu hiyo. Kinachopita hadi kwenye minofu ni kidogo. Anayeumia kwanza ni samaki mwenyewe, na mfuko wa mfugaji. Lakini mahindi yaliyokataliwa na binadamu yanapogeuzwa kuwa chakula cha samaki, mtu amehamisha tatizo tu.

Mbolea ya kuku ni mlango mwingine. Wafugaji hurutubisha bwawa kwa samadi ili maji yawe ya kijani na chakula cha asili kiote. Kuku akiwa ametibiwa kwa antibiotiki ya jamii ya tetrasaiklini, sehemu kubwa hutoka kwenye kinyesi ikiwa bado dawa. Tume ya kimataifa ya Codex huruhusu mikrogramu 200 za oksitetrasaiklini kwa kilo ya nyama ya samaki, kikomo ambacho hakuna mfugaji anayeweza kukikagua kwa macho. Anachoweza kukikagua ni samadi: imetoka kwa kuku wa nani, na walitibiwa lini.

Kuna pia mto. Nyakomisaro hupita katikati ya mji wa Kisii ukibeba mafuta ya magari, maji ya majumbani na taka za biashara, kabla ya kuungana na Riana. Kuvuta maji ya bwawa kutoka kijito kinachopita katikati ya gereji ni tofauti kabisa na kuyapata kutoka chemchemi ya mlimani, hata kama ngege wa pande zote mbili watauzwa kwa bei moja katika soko la Daraja Mbili.

Mwaka 2018 mjadala ulihamia kwenye samaki wa barafu kutoka China, mzalishaji mkubwa wa tilapia duniani. Oktoba mwaka huo Rais Kenyatta aliwaambia wafanyabiashara kwamba samaki hao wazuiwe, na serikali ikatangaza zuio kuanzia Januari 2019. Halikudumu. Lakini kwa miezi kadhaa kila gazeti lilizungumzia sumu katika samaki wa kigeni, na wafugaji wa ndani wakapata sifa ya usafi ambayo hawakuitafuta wala kuithibitisha. Usafi haupimwi kwa bendera. Katikati ya muongo huo watafiti wa Nairobi walikuwa wamewapima samaki wa kufugwa wa Machakos na Kiambu, wakitafuta viuatilifu vya klorini, risasi na kadimiamu. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayompa mfugaji haki ya kujisifu.

Tangu Katiba ya 2010, uvuvi ni kazi ya kaunti. Sera, viwango na maabara kubwa zimebaki kwa serikali ya taifa. Kati ya hizo mbili kuna ufa, na ngege wa Gusii ameangukia humo: taifa hupima samaki anayekwenda nje, kaunti huhesabu samaki anayeliwa nyumbani. Baada ya kilele cha 2014 mavuno ya nchi yalianguka hadi karibu tani 12,000 mwaka 2017, kwa sababu ya bei ya chakula na mabwawa yaliyokauka au kuachwa. Mwaka 2018 ulianza mpango mpya wa biashara ya ufugaji wa samaki unaofadhiliwa na IFAD, mfuko wa kimataifa wa maendeleo ya kilimo, katika kaunti 15. Kisii imo. Nyamira haimo, ingawa maji ya Gucha huanzia upande wake.

Namna ya kupima kwa gharama ndogo inajulikana. Badala ya kufukuza samaki mmoja mmoja katika maelfu ya mabwawa, pima mahali ambapo njia hukutana: wachanganyaji wa chakula, vituo vya vifaranga, na udongo wa mabwawa yaliyo chini ya majosho ya zamani au viwanda vya kahawa. Kituo cha Kegati kipo. Chuo Kikuu cha Kisii kipo, na wanafunzi wanaohitaji mada za utafiti kila mwaka. Kaunti mbili zenye mito ya pamoja zinaweza kulipia kwa pamoja sampuli za msimu mmoja Kisumu, na kuyabandika matokeo sokoni kwa Kiswahili na Ekegusii.

Bajeti za kaunti hupitishwa kufikia Juni 30 kila mwaka, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Wafugaji wa samaki wa Kisii na Nyamira waende kwenye vikao hivyo na ombi moja lililoandikwa: fungu la kupima chakula, maji na samaki wao, na matokeo yatangazwe hadharani.